Gazeti Likitoka Kavu

Juzi mvua ilimkuta binti yangu njiani akitoka shule, akafika nyumbani viatu vimelowa chapachapa. Nilikuwa chumbani nakunja nguo. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa karibu na jiko, anafinyanga kurasa za gazeti na kuzisokomeza ndani ya viatu, na ile harufu ikanifikia kabla sijasema neno: karatasi mbichi, wino, ngozi iliyolowa. Sijui nani alimfundisha. Si mimi. Nilimnyang'anya vile viatu, nikachomoa karatasi zote, nikazitupa uani kwenye mvua, mimi mtu mzima na akili zangu. Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani nimefanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu, ataanika viatu juani kesho. Akanitazama kwa woga, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Nitawaeleza nyinyi basi, nyinyi mnaonitania kila tukikutana kwenye harusi. "Akoth, hata leo umekuja na viatu vya chini? Mwili wote huo mzuri halafu miguu kama unaenda kisimani!" Mimi huwajibu kwamba magoti yananiuma. Uongo mtupu. Magoti yangu hayana neno. Sijawahi kuvaa kiatu cha juu maishani mwangu, hata siku niliyoolewa, na mume wangu hadi leo anadhani ni ulokole.

Mama yangu aliuza viatu vya mitumba Busia, upande wa Uganda, hatua chache tu kutoka lango la mpaka. Hakuuza vya watoto wala vya wanaume. Aliuza mchuchumio peke yake, visigino vya kila urefu, vimepangwa juu ya turubai la bluu, ncha zote zikitazama barabara. Wanawake waliovuka kutoka Kenya na waliovuka kwenda Kenya walipita mbele yake asubuhi hadi jioni. Wengi walikuja na ndara miguuni, sisi huku tunaziita sapatu, na viatu vya juu wamevificha mkobani. Wakishafika penye lami nzuri, karibu na ofisi za forodha, wanaegemea ukuta, wanapangusa vumbi nyayoni, wanabadilisha. Anayerudi anafanya hivyo hivyo kwa kinyume. Nilikua nikidhani mpaka umewekwa pale ili wanawake wapate mahali pa kubadilishia viatu.

Kwa Mama mwaka ulikuwa na misimu miwili tu, msimu wa tofali na msimu wa sindano. Tofali ni kile kisigino kinene, kifupi, kinachoweza kusimama kwenye udongo uliolowa. Sindano mnakijua. Mvua ikianza, sindano zote zilirudishwa nyuma ya turubai na tofali zikaja mbele, na mteja mbishi aliyetaka sindano katikati ya matope alichekwa hapo hapo.

"Na hii mvua, mama, utapanda hiyo kisigino kama muhogo," Mama alimwambia. "Chukua hii nene. Ile ingine utakuja kuchukua Desemba, jua ikiwaka, harusi ikianza."

Kiswahili chake kilikuwa hicho cha mpakani, hakijali ngeli, na kilichanganyika na Kidhopadhola, lugha ya kwetu, akikasirika. Lakini alijua miguu. Alimtazama mwanamke anavyotembea akajua kama ana kidole kinachouma, kama ana mimba changa, kama amesimama siku nzima kazini. Aliyechoka alimkatalia sindano hata kama pesa iko mkononi. "Utachukia mimi jioni," alisema, akamvutia kiatu cha chini kidogo.

Mwenyewe alivaa bidhaa. Kila siku jozi tofauti, kwa sababu wateja walianza kutazama miguu yake kabla ya kutazama turubai. Jozi moja tu haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, kisigino cha sindano, na ukanda mwembamba wa kufunga juu ya kifundo. Aliitoa ndani ya mzigo mmoja wa mitumba kabla sijaanza shule, akaipima, ikamkaa. Mtu akiuliza bei alijibu, "Hiyo hapana uza. Hiyo ni mguu yangu." Aliivaa kiangazi peke yake, na akiivaa alitembea na shingo imenyooka, hata mimi nilimwogopa kidogo.

Kazi yangu ilikuwa magazeti. Mvua ya mpakani haibishi hodi. Ilitukuta mara nyingi tukikusanya, na nusu ya viatu vililowa. Tukifika chumbani kwetu nilikaa sakafuni, nafinyanga kurasa, naingiza hadi ncha ya kiatu, polepole nisipasue. Asubuhi nachomoa, nagusa. Likitoka gazeti bichi, naingiza lingine. Mama alikuwa na sheria moja aliyonifundisha tangu mikono yangu ni midogo: gazeti likitoka kavu, kiatu kiko tayari, kinaweza kuvaliwa. Kabla ya hapo usikiguse, kitapasuka. Nilikuwa hodari. Nilijua kwa kidole tu, bila kuangalia.

Mwaka ule ninaousema, nikiwa darasa la nne, mvua za mwisho wa mwaka zilinyesha mpaka watu wakachoka kuzilaani. Nikaona Mama ameacha sindano. Hilo halikunishangaza, ulikuwa msimu wa tofali. Halafu akaacha tofali, akavaa viatu vya chini vya mpira. Halafu siku moja akaenda kazini na sapatu. Mwuza mchuchumio amekaa mbele ya turubai lake amevaa sapatu! Miguu yake ilikuwa imenenepa, yeye mwenyewe akikonda. Ngozi ilikuwa inang'aa. Ukimbonyeza kwa kidole cha gumba, shimo lilibaki pale, kisha likajaa taratibu. Nilifanya huo kuwa mchezo wangu. Nilibonyeza mashimo matatu kwa mpigo na kusubiri lipi litajaa kwanza, na Mama aliniachia nicheze.

Aliyelisema neno lenyewe ni Mama Nekesa. Alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, rafiki wa Mama wa miaka mingi, anavuka kila asubuhi na mwavuli na gambuti za kuuza, turubai lake limegusana na letu. Siku hiyo aliinama akamshika Mama mguu, akaubonyeza, na uso wake ukabadilika.

"Ai, Mama Akoth! Hii si kunona. Hii miguu imejaa maji."

"Ni kusimama tu," Mama akasema.

"Kusimama gani? Mimi si nasimama? Nakwambia ni maji. Enda uonwe na daktari, dada yangu, usicheze na hii kitu."

Nami nikasikia. Nilikuwa nimekaa kati yao na kiatu mapajani na gazeti mkononi. Imejaa maji. Nikatazama barabara, madimbwi kila mahali, na nikatazama zile sapatu zisizozuia hata tone, na mambo yote yakanyooka kichwani mwangu. Maji yalikuwa yanaingilia chini. Mama alikuwa amelowa, kama viatu.

Na lilikuwepo jambo lingine baya zaidi, ambalo sikumwambia mtu kwa siku kadhaa. Kwetu, mtoto wa kike akizaliwa mvua ikinyesha anaitwa Akoth. Koth ni mvua. Mama Nekesa alikuwa akinitania kila mawingu yakitanda, "Akoth, wewe ndiye unatuletea hii taabu, si urudi kwenu!" Nilikuwa nikicheka. Sasa sikucheka tena. Nililala nikijua ni nani aliyemjaza Mama maji, na nilikula chakula chake nikijua.

Mwishowe nikamuuliza. Ilikuwa mchana, tumejibanza chini ya mwavuli mkubwa, matone yanagonga. "Mama, ni mimi niliyekujaza maji?"

Alicheka mpaka akakohoa, akashika kifua, akasubiri pumzi irudi. "Wewe ni mvua kidogo tu, Akoth. Wewe huwezi jaza hata kikombe."

"Basi nitakukausha," nikasema.

Tangu siku hiyo, kila mchana wateja wakipungua, alinyoosha miguu juu ya gunia la mzigo na mimi nikamfunga magazeti. Nilianza vidoleni, karatasi ndogo ndogo katikati, kisha wayo, kisha kifundo, juu hadi chini ya goti, nikafunga na kamba za viatu. Wapita njia walitukodolea macho. Mama Nekesa aligeuka upande akajifanya anapanga gambuti. Mama alikaa na miguu yake ya magazeti, nikamuuliza kama anasikia kitu, akasema, "Naskia. Inavuta." Nilipofungua niligusa kila ukurasa. Nyingine zilikuwa na ubichi kweli, wa jasho bila shaka, nami nilimwonyesha kwa furaha. Akasema, "Umeona? Jua ikitoka, hii maji naisha yote. Siku ya komunio yako nitavaa ile damu ya mzee."

Alikwenda zahanati mara moja tu. Wakamwambia akae, ainue miguu, apunguze chumvi, na aende hospitali kubwa akapimwe moyo. Chumvi alipunguza. Kukaa alishindwa, na hospitali aliiahirisha hadi baada ya Krismasi. "Nakaaje na Desemba imefika?" alimwambia Mama Nekesa. Desemba ndiyo mwezi wa sindano. Mwaka mzima ulikuwa unangojea mwezi huo.

Jua likatoka. Barabara ikakauka, ikapasuka, vumbi likaanza kupanda juu ya viatu tukawa tunafuta kutwa. Madimbwi yote yaliisha. Nilizunguka kuyatafuta, hakuna. Kila asubuhi niliamka nikakimbilia kutazama miguu ya Mama, na kila asubuhi ilikuwa vilevile, au imezidi. Sikuelewa. Nikaanza kumkasirikia. Niliona ni zile sapatu, ni yeye mwenyewe hataki kupona, ni mvivu, anapenda kukaa.

Komunio yangu ilikuwa Mulanda, kwenye kanisa la nyumbani, ambako mdogo wake Mama, mamdogo wangu, alikuwa ameolewa na analima. Tulikwenda kulala kwake siku moja kabla. Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimeshavaa gauni jeupe, na Mama akatoka chumbani amevaa gomesi yake ya kijani, vazi letu la sherehe, mshipi umefungwa vizuri, nywele zimesukwa. Chini, sapatu.

Nililia. Nasema nililia, lakini haikuwa kulia, ilikuwa kumshtaki. "Ulisema jua likitoka! Jua si limetoka? Mama za wenzangu wote watakuja na viatu na wewe utakuja kama mtu anayetoka shambani. Hizo sapatu ndizo zinakutia maji, na unajua, na hutaki kuzitoa!" Nilikuwa nimemwona akipakia ile jozi chini ya nguo. Alikuwa ameileta. Kwa hiyo nilijua anaweza.

Mamdogo akasema, "We mtoto, nyamaza, nitakuchapa na gauni yako hiyo."

Mama akamwinulia mkono aniache. Alinitazama kidogo. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Leta mafuta."

Nikaleta mafuta ya kujipaka. Nilimpaka mwenyewe, vidole na visigino, nikasukuma, na yeye akasukuma, ameuma mdomo. Mguu wa kulia ukaingia. Wa kushoto ukachukua muda. Ukanda haukufika, nikauvuta kwa nguvu zangu zote mpaka ukafika tundu la mwisho. Mimi ndiye niliyeufunga. Nataka hilo lijulikane. Mamdogo alikuwa ametoka nje kwa hasira.

Kutoka kwa Mamdogo hadi kanisani si mbali, lakini ni njia ya murram, mawe madogo yanateleza chini ya kisigino. Alitembea yote. Shingo imenyooka, mkono wake begani kwangu, na mkono ulikuwa mzito, nikadhani ni fahari. Kanisani sakafu ilikuwa ya saruji. Tulichelewa kidogo, watu wameshakaa, na visigino vyake vikalia ko, ko, ko, mpaka benchi ya mbele, na wanawake wote wakageuka. Hakuna siku niliyopata kuwa na furaha kama ile. Nilipokea komunio nikimtazama yeye. Alikuwa anatabasamu na jasho linamtiririka hadi kidevuni.

Tuliporudi aliketi kwenye mkeka, akaninyooshea miguu. Ukanda ulikuwa umezama, hauonekani, nyama imefunika juu. Mamdogo akaukata kwa kisu cha jikoni. Kiatu kilipotoka, ngozi ilikuwa imechanika pale ukanda ulipopita, na maji yakatoka. Si damu. Maji meupe, safi, yakashuka juu ya kisigino chake, yakadondoka kwenye mkeka, tone, tone, tone.

Niliruka juu. Nilipiga makofi. "Yanatoka! Mamdogo, njoo uone, maji yanatoka! Mama amepona!" Nilikimbia nje na gauni langu jeupe nikawaambia watoto wa jirani, nikawaambia watu waliokuwa wanapita kutoka kanisani. Niliporudi ndani Mamdogo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja chake, na Mama akasema kwa upole, "Eeh, yanatoka. Akoth anasema kweli."

Hayakuacha kutoka. Kidonda kikawa chekundu, kikapanda, joto likampanda naye. Walimpeleka hospitali Tororo, akalazwa, mimi nikaachwa Mulanda na mtoto wa Mamdogo. Krismasi ikapita hivyo. Mama Nekesa alivuka mpaka akaja hadi Tororo, akakaa naye kando ya kitanda siku mbili, viatu vyote vya Desemba vikiwa vimefungwa kwenye gunia. Kisha wakamrudisha Mama kwa Mamdogo. Watu wazima walisema moyo umechoka, hauvuti tena, na kidonda kimeingia ndani. Mimi nilisikia kwamba amerudi nyumbani, na aliyepona ndiye anayerudi nyumbani.

Mamdogo ameniambia mara nyingi, hata mwezi uliopita nilipokwenda kumwona, "Haikuwa wewe, Akoth. Ulikuwa moyo. Moyo ungechoka tu." Nayasikia. Ni mwanamke mkweli, na huenda ni kweli. Lakini aliyevuta ule ukanda hadi tundu la mwisho si moyo. Sijapata wa kumwomba msamaha, kwa sababu niliyemkosea ni Mama mwenyewe, na alikuwa ameshanisamehe kabla sijajua nimefanya nini. Msamaha wa namna hiyo haunisaidii kitu.

Siku zile za mwisho niliendelea na magazeti. Mamdogo alijaribu kunizuia. Mama akasema, sauti yake imeshakuwa ndogo, "Muache. Hiyo ndiyo inanisaidia." Nilimfunga asubuhi na mchana. Kila nilipofungua, karatasi zilikuwa zimelowa, nzito, zinapasuka mkononi, na mimi nikaingiza nyingine bila kuchoka. Kulikuwa na jua kali sana. Nyasi zote zimekuwa nyeupe, kuku wamejificha chini ya ghala.

Siku moja nilimfunga asubuhi mapema kwa gazeti zima jipya aliloniletea mume wa Mamdogo. Mama aliniwekea mkono kichwani, akauacha pale. Nikaenda kucheza. Jua lilipokuwa la utosi nilirudi, Mamdogo yuko nje anapepeta mtama. Mama alikuwa amelala kimya, uso kwenye ukuta. Sikutaka kumwamsha. Nilikaa miguuni pake, nikafungua kamba polepole kama alivyonifundisha, nikagusa ukurasa wa juu.

Ulikuwa mkavu. Nikafunua wa pili, mkavu. Nikaenda hadi ule unaogusa ngozi, nikaukunja kati ya vidole vyangu, nao ukalia chakacha. Miguu ilikuwa baridi. Nikasema moyoni, imekauka, ndiyo sababu imepoa. Sikupiga kelele, kwa sababu nilitaka aamke akute kila kitu tayari. Nilitambaa chini ya kitanda nikavuta mfuko wake wa nguo, nikatoa viatu vya damu ya mzee, nikavipangusa kwa pindo la gauni langu mpaka vikang'aa. Ule ukanda uliokatwa niliufunga fundo.

Nilipoinuka, Mamdogo alikuwa ameingia. Ungo ulikuwa umemwanguka mlangoni na mtama umetapakaa. Alikuwa amepiga magoti upande wa kichwa cha Mama, anamwita kwa jina lake la utotoni.

"Akoth, mwanangu," akaniambia, "weka hizo viatu chini."

Sikuviweka. Nilivikumbatia kifuani, nikamwambia, "Lakini gazeti limetoka kavu."